Solaris na wasomaji wenye haraka

Wanaosema Solaris inachosha wana hoja. Riwaya hii ya Stanisław Lem wa Poland, iliyotoka mwaka 1961, inaanza kama hadithi ya kutisha. Kris Kelvin anafika kwenye kituo kilicho juu ya sayari iliyofunikwa na bahari hai, anaambiwa mwenzake mmoja amejiua, kisha Harey, mpenzi wake aliyekufa zamani, anatokea chumbani mwake. Ukishanasa hapo, mwandishi anamwingiza Kelvin maktaba. Kurasa kwa kurasa unasomeshwa nani alisema nini kuhusu bahari ile, nani alimpinga, nadharia ipi ilizikwa. Msomaji mmoja wa hapa Mwanza aliniambia alizivuka zote na hakuona alichokosa.

Alikosa watu 106. Giese, bingwa wa kuainisha maumbo yanayoibuka baharini, mtu mkavu asiyependa makisio, aliangamia na wenzake pale umbo mojawapo lilipolipuka. Vifo vyote hivyo vimetajwa katikati ya mapitio ya vitabu, bila kilio, halafu yakazuka madai kwamba bahari ipigwe kwa silaha za nyuklia. Kwa nini ipigwe? Hakuna aliyejua kama iliwaona, sembuse kama ilikusudia. Mwandishi mwingine angetupa sura nzima ya moshi na mayowe. Lem anaiweka rafuni, na mimi kila nikifika hapo narudia kusoma: miaka na miaka ya vipimo, na mwishowe hoja iliyobaki ni bomu.

Sisi wa Ziwa Victoria tungepaswa kuzielewa kurasa hizo upesi kuliko wengine. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alifika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, akatazama maji ya upande huu wa kusini kwa siku chache, akalipa ziwa jina la malkia wake na kutangaza kuwa amepata chanzo cha Nile. Richard Burton, msafiri mwenzake aliyebaki Kazeh, Tabora ya leo, hakukubali. Speke alikuwa amepatia, ila alipatia kwa kubahatisha; ilimbidi arudi na kufika Jinja mwaka 1862. Wataalamu wa Lem ni kinyume chake: wamekaa, wamepima kila kitu, na bado hawajapatia.

Hata uainishaji wa Giese, unaopigiwa miayo, una mwenzake hapa. Miaka ya 1970 ikielekea kwisha, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuchambua furu, samaki wadogo wa Ghuba ya Mwanza. Kwa mlaji furu ni furu. Wao waliona spishi nyingi mno, na nyingi hazikuwa na jina la kisayansi bado pale sangara, samaki wa kupandikizwa, alipozifagia miaka ya 1980. Ukilijua hilo, orodha ndefu ya maumbo ya bahari haisomeki tena kama mzigo.

Lalamiko ninalolikubali bila ubishi linamhusu Harey. Anagundua kwamba yeye si Harey aliyekufa, anajaribu hata kujiua, na bado tunamwona kupitia macho ya Kelvin tu. Alistahili nafasi zaidi. Kama ni lazima kupunguza mahali ili aipate, ningeanza na ndoto za Kelvin; maktaba nisingeigusa.