Eti gesi ya Mrusi ilikuwa "bei poa"

Jana kwenye grupu letu la WhatsApp la tuliosoma pamoja, jamaa anayekaa Ujerumani katuma bili yake ya kupasha nyumba joto, tukampa pole, mara akaibuka mwingine wa hapa hapa Dar: wamejitakia wenyewe, si wangebaki tu na gesi ya Mrusi ya bei poa. Watu wakamwagia dole gumba. Mi usingizi ukakata.

Bei poa kwa nani? Chukua Lithuania, kanchi ambako hata watu milioni 3 hawafiki. Gesi yao yote ilikuwa inatoka kwa muuzaji mmoja, Gazprom, kampuni ya gesi ya serikali ya Urusi, na mwisho wa 2009 wakazima na kinu chao cha nyuklia cha kufua umeme cha Ignalina kwa sababu lilikuwa sharti la kuingia Umoja wa Ulaya, basi ndo wakabanwa kabisa. Na walikuwa wanalipa bei za juu kuliko karibu Ulaya nzima, kuwazidi hata Wajerumani walio mbali zaidi na visima. Kabla ya hapo, 2006, walipoamua kuuza kiwanda cha kusafisha mafuta cha Mažeikiai kwa Wapoland badala ya Warusi, bomba la mafuta ghafi likaharibika ghafla upande wa Urusi, na mpaka leo fundi hajapatikana. Bomba lenyewe linaitwa Druzhba, yaani urafiki. Usicheke.

Mi hii biashara naijua toka utoto. Tulikuwa tunakaa Tabata, bomba kavu wiki nzima, na muuza maji wa mkokoteni alikuwa mmoja tu mtaani. Siku mama alipogombana naye kuhusu dumu lililovuja, kesho yake akapita getini kwetu madumu yamejaa pomoni, maji yanachuruzika mpaka kwenye ekseli, akasema "mama, leo yameisha." Tukaoga kwa kopo siku tatu. Halafu akaja kijana mwingine na guta. Unadhani mama alimhama yule mzee? Wala, aliendelea kununua kwake mara nyingi tu, ila dumu likashuka bei na mzee akaanza kutuamkia.

Walithuania nao wakaleta guta lao. Ni meli ya karibu mita 300, imeundwa Korea Kusini, inapokea gesi iliyogeuzwa kimiminika, inairudisha kuwa gesi na kuisukuma kwenye mabomba. Wakaiita Independence, ikatia nanga kwenye bandari yao ya Klaipėda Oktoba 2014. Sasa utamu wenyewe: Gazprom walikubali kushusha bei kwa karibu asilimia 20 mwezi Mei mwaka huo huo, meli haijafika hata bandarini! Yaani gesi ile ile, bomba lile lile, kilichobadilika ni kwamba mteja kapata pa kwenda. Hapo ndo napotaka watu wa grupu waelewe, kwamba ile bei ya mwanzo haikuwa bei ya gesi, ilikuwa bei ya kukosa mlango wa pili. Vita vilipolipuka Ukraine 2022, Aprili tu wakatangaza hawanunui tena gesi ya Urusi hata kidogo, wa kwanza Umoja wa Ulaya, wakati Ujerumani tajiri inahaha kutafuta meli za kukodi.

Haya, nikubali. Ile meli ilikuwa ghali, waliikodi miaka 10 kabla ya kuinunua, gharama ikaingia kwenye bili za watu, na kuna kipindi ilikaa bila kazi ya maana wananchi wakalalamika, na wana haki. Na gesi bado wanaagiza nje, nyingi Norway na Marekani, na Marekani si shangazi wa mtu. Ndo maana mi nawasifu zaidi kwa vibanzi vya mbao, maana sehemu kubwa ya joto la majumbani mijini sasa inatoka huko na si kwenye gesi. Umeme nao Februari 2025 wamejitoa kwenye gridi ya Mrusi, wao na Latvia na Estonia.

Yote haya nimeyaandika kwenye grupu saa saba usiku. Jamaa kasoma, tiki za bluu hizo, kajibu na video ya kuku anacheza singeli.