Boksi la vipande 150 halitoi boljointi

Chini ya kitanda changu kuna boksi jekundu la spana, vipande 150, ambalo mke wangu huliita jeneza. Nililinunua Kariakoo wiki ile ile mguu wa kulia wa Corolla yangu ulipoanza kugonga kila nikishuka tuta. Niliamini kwamba mtu akitaka kufungua gari uani kwake, kitu cha kwanza ni boksi. Kazi ilipokwisha nikahesabu: nilitumia soketi tano. Ya 17, ya 19, ya 21 na nyingine mbili. Zilizobaki zimelala kwenye vitanda vyao vya plastiki mpaka leo, na kifaa kinachoitoa boljointi yenyewe, kile kiungo chenye tufe kwenye mguu wa gari kilichokuwa kinagonga, hakimo humo kabisa.

Ndiyo maana rafiki akiniambia anataka kujaribu kazi hii nyumbani, huwa namuuliza kwanza ana gari gani. Kwenye Corolla ya mwaka 2003 kama yangu, boljointi ya chini imefungwa kwenye mkono, yaani chuma cha chini kinachounganisha gurudumu na gari, kwa bolti moja na nati mbili. Unafungua, unaitoa kwenye chuma kinachobeba gurudumu, unaweka mpya. Honda CR-V za mwanzo ni habari nyingine: boljointi imesukumwa kwa nguvu ndani ya kile chuma, na haitoki bila presi, mashine ya kusukuma kwa nguvu kubwa. Subaru nyingi nazo zinaibana kwa bolti ya pembeni, na bolti hiyo ikishaota kutu inaweza kukumalizia Jumamosi nzima. Magari matatu, vifaa vitatu tofauti. Muuza duka hatakuuliza hilo, atakuonyesha boksi.

Ugumu wote uko kwenye shina. Shina la boljointi limechongwa kama koni na linaingia kwenye tundu lenye umbo hilo hilo. Ukiikaza nati, koni inavutwa na kung'ang'ania. Kwa hiyo ukiifungua nati usitarajie kitu kudondoka, maana kimeshikwa na ule mkazo wenyewe. Mara ya kwanza nilifungua nati, nikavuta, nikatikisa, nikapiga teke, nikaenda kunywa maji. Hakikusogea hata unywele.

Mafundi wa mtaani wana dawa yao. Nyundo moja inashikiliwa upande huu wa jicho la chuma, yaani sehemu yenye lile tundu la shina, nyingine inapiga upande wa pili, kwa nguvu, mara tatu au nne. Tundu linabonyea kidogo sana kwa sekunde ile na koni inaachia. Hao wanaodhani ni ushenzi waende wakatazame fundi mzuri akifanya; halengi shina, analenga jicho. Mimi naiheshimu njia hii ila siipendekezi kwa anayeanza. Uvunguni hakuna nafasi ya kurusha mkono, waya wa sensa ya ABS, breki zinazozuia gurudumu kukwama, uko jirani, na pigo moja likikosea likatua kwenye uzi wa shina, nati haitapanda tena. Kama chuma chenyewe ni cha alumini, weka nyundo chini.

Kisha kuna uma. Ni kabari yenye meno mawili, unaiingiza kati ya boljointi na chuma, unagonga kitako chake. Ni rahisi, ni wa bei ndogo, na unafanya kazi. Tatizo lake ni kwamba unapita juu ya ule mpira unaofunika grisi, na haupiti bila kuuchana. Kwa boljointi inayokwenda kwenye takataka, chana tu. Mimi nilifanya kosa la kuutumia kwenye tairodi endi, kiungo cha ncha ya fimbo ya usukani, iliyokuwa nzima, nikitaka tu kuisogeza ili nipate nafasi. Mpira ukapasuka kidogo, nikajisemea si neno. Mvua za masika zikaja, maji ya barabara yetu yenye mchanga yakaingia, na baada ya miezi miwili nilikuwa dukani nikinunua tairodi endi. Uma ninao bado. Natumia kuvunjia mbao.

Kifaa ambacho ningekinunua kabla ya kingine chochote cha kufungulia ni pula ya aina ya mkasi: taya mbili, bawaba katikati, bolti nyuma. Taya moja inaingia chini ya jicho, nyingine inakaa kwenye ncha ya shina, unakaza bolti polepole. Unasikia mlio mmoja kama risasi, na koni imeachia, mpira mzima, hakuna aliyepigwa. Niliipata kwa bei ndogo kuliko nusu ya ile ya boksi, na imefanya kazi ambayo boksi halikuweza.

Lakini hapa ndipo watu wanapopigwa. Pula nyingi zinazoning'inia madukani zimetengenezwa kwa tairodi endi za magari madogo, mdomo wake ni mwembamba. Ukienda nayo kwenye Prado haiingii. Kabla ya kwenda dukani kunja waya kwa kipimo cha unene wa jicho na urefu mpaka ncha ya shina, uende nao mfukoni. Pili, angalia chuma. Za kumimina zina mstari wa kalibu pembeni na uso wenye vinyweleo, na zikielemewa hukatika ghafla; za kufua ni nzito na uso wake ni laini zaidi. Tatu, paka grisi kwenye bolti yake kabla hujakaza. Na wakati wa kukaza, acha nati ya boljointi ikiwa imeshika nyuzi chache, ili mkono ukiachia usiruke ukakukuta na uso wako hapo.

Presi ya Honda sikushauri ununue. Fungua kile chuma chote, kibebe mpaka kwa mtu mwenye presi ya haidroliki, mlipe, rudi nacho nyumbani. Utakuwa umepoteza saa mbili tu.

Sasa, kuna kitu ambacho nilikinunua mwisho na nilipaswa kukinunua mwanzo: stendi mbili za jeki. Siku ya kwanza nilitumia jeki ya mkasi iliyokuja na gari, nikaweka tofali la saruji kama bima. Fundi jirani alipita, akachungulia, akasema, "Kaka, hebu toka kwanza humo." Nikatoka. Akalipiga tofali teke la ubavuni, likapasuka vipande viwili. Tofali halikupi onyo, halipindi, linavunjika. Jeki ile nayo imetengenezwa kwa kubadilisha tairi, wala si kwa mtu kuwa chini. Na kama ua wako ni wa mchanga kama wetu huku Dar, weka ubao mpana chini ya kila stendi, la sivyo mguu mmoja utazama wakati unavuta bolti ngumu.

Cha mwisho ni toki renchi, ile spana yenye kipimo. Watu wengi wanaiona anasa. Nati za magurudumu za Corolla zinatakiwa kukazwa kwa Nm 103 (newton mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Kwa mpini wa sentimita 30, hiyo ni sawa na kuning'iniza kilo 35 hivi kwenye ncha. Sasa fikiria mtu anayeongeza bomba la mita moja kwenye spana na kulisimamia kwa uzito wake wote: amepita mara saba na zaidi. Bomba ni la kufungulia. Shina la boljointi lina tundu la pini na nati yake ina mapengo, na ukifika kipimo tundu na pengo vikawa havijalingana, endelea kukaza kidogo mpaka vilingane, usirudishe nyuma. Pini weka mpya, ni hela ya kununua karanga. Ukiwa umegusa pia bushi za mkono, zile pete zake za mpira, bolti zake zikaze gari likiwa limeshuka chini na uzito wake, maana ukizikaza gari likiwa hewani mpira wa bushi utakaa umejisokota na hautafika mbali.

Stendi zangu haziazimishwi kwa mtu yeyote. Pula iko kwa yule fundi jirani tangu Jumapili, na kila nikimuulizia ananiambia, "Kesho, kaka, kesho." Boksi jekundu, mwenye kulitaka aje na usafiri.