Tafiti za dawa za kulevya Uganda zinamwona kijana yupi?

Ripoti yoyote kuhusu vijana na dawa za kulevya ikitoka Kampala, watu hugawanyika papo hapo. Wazazi wengi na polisi husema sheria ikazwe. Watu wa afya husema mraibu ni mgonjwa, apewe tiba. Wote hushika takwimu zilezile, na ni wachache wanaouliza zimetoka kwa kijana gani.

Chukua utafiti wa mwaka 2014 katika mitaa ya mabanda ya Kampala. Walihojiwa vijana 1,134 wa umri wa miaka 12 hadi 18, waliokuwa wakifika kwenye vituo vya UYDEL, shirika la kuwasaidia vijana, kwa mafunzo na huduma. Kazi ile ina thamani kubwa, maana bila hiyo tungebaki na uvumi. Ila kijana wa kituoni ni yule ambaye bado anatafuta msaada. Anayeshinda mtaa wa mabanda wa Kisenyi na chupa ya plastiki yenye petroli puani hayumo. Mtoto wa wenye nazo anayevuta bangi bwenini hayumo pia. Uchunguzi wa afya ya wanafunzi wa mwaka 2003, kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), uliwauliza walioko darasani, kwa hiyo aliyeacha shule akakosekana. Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, nayo huwaona waliokwisha kuzidiwa.

Na hojaji yenyewe ina mitego. Ikiuliza heroini na kokeini tu, itawakosa wa kuber (tumbaku ya kuweka mdomoni), mairungi (miraa) na petroli. Akiuliza mwalimu, nani atakiri?

Wanaotaka sheria kali wana hoja, tusiwadharau. Hadi mwaka 2019 waragi, pombe kali ya Uganda, uliuzwa kwenye vipakiti vya plastiki, vidogo kiasi cha kufichwa ndani ya soksi, kwa bei ambayo mwanafunzi aliimudu. Serikali ikavipiga marufuku. Chupa ndogo kabisa iliyoruhusiwa ikawa ya mililita 200. Kwa kulenga ukubwa wa pakiti, marufuku hiyo iliziba njia moja bila kumfunga mtoto yeyote. Hapo sheria ilifanya kazi yake.

Kwa bangi na mairungi mambo ni mengine. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 ilifutwa na Mahakama ya Katiba mwezi Mei 2023, kufuatia kesi ya wakulima na wafanyabiashara wa miraa wa Wakiso. Mahakama haikupima madhara ya jani lile. Ilikuta kwamba Bunge lilipitisha sheria bila akidi, yaani idadi ya wabunge inayotakiwa. Mwaka huohuo Bunge likapitisha nyingine, na mairungi imo. Wakati huohuo bangi ya tiba imekuwa ikilimwa Kasese kwa leseni, isafirishwe nje. Kijana wa mtaa wa Bwaise, Kampala, anayekamatwa na msokoto mmoja ana haki ya kushangaa.

Hata hivyo, watetezi wa tiba nao wasilegeze mambo. Kuvuta bangi nyingi tangu ujanani kunahusishwa na ugonjwa wa akili wa kuona na kusikia yasiyokuwepo, hasa kwa aliye na urithi wa maradhi hayo. Wanasayansi wanabishana kipi kinaanza, si kwamba uhusiano haupo. Ugumu huo umo pia kwenye pombe na VVU: ulevi huongeza ngono bila kinga, lakini umaskini unaompeleka msichana baa ndio huohuo unaomnyima uwezo wa kudai kondomu. Kumuuliza mara moja tu hakutenganishi hayo mawili. Inabidi afuatwe kwa miaka.

Kwa maoni yangu, kelele kuhusu bangi zinatupotezea muda. Kinachopatikana kila duka ni pombe, na Uganda iko miongoni mwa nchi za Afrika zinazokunywa zaidi. Mwaka 2010 zaidi ya watu 80 walikufa Kabale kwa waragi wenye methanoli, alkoholi yenye sumu. Chini ya miaka 18 ni marufuku kuuziwa, ila sijui muuza duka anayeomba kitambulisho.

Tiba nayo ina mipaka yake. Tangu mwaka 2020 Butabika inatoa methadoni, dawa ya kutuliza hamu, kwa waraibu wa heroini, na wanaoanza dozi hunywa kila siku mbele ya muuguzi. Kwa anayeishi Kampala, hiyo ni nauli ya kila asubuhi. Kwa kijana wa Arua, ni kuhama kwao.