Ajira za kusuka nyaya za magari Morocco: tuzionee wivu au la?

Kila kampuni ya spea ikitangaza inapanua kiwanda Morocco, watu huku Kenya wanaanza "sisi tumekwama wapi", na mi hasira yenyewe naielewa, ila tuangalie kwanza hizo ajira ni za nini.

Nyingi ni za nyaya. Kampuni za spea kama Yazaki na Sumitomo za Japani, na Lear ya Marekani, zote ziko kule, zinasuka ule mzigo wa waya unaotoka kwenye injini mpaka taa za nyuma, gari moja tu lina zaidi ya kilomita nzima ya waya. Mfanyakazi, mara nyingi binti, anasimama mbele ya ubao mkubwa uliochorwa njia, anapitisha waya mmoja mmoja, anabana, anazungusha tepu, ubao unasogea unakuja mwingine. Roboti mpaka leo inahangaika na kitu laini kinachojipinda hivyo, ndo maana viwanda hivi vinameza watu maelfu kwa maelfu. Nchi yenye ukosefu wa ajira wa asilimia 13 hivi mwaka 2023 haiwezi kuringa.

Sasa shida. Kilichozileta kazi hizi ni mshahara mdogo na Ulaya kuwa pua na mdomo. Zilitoka Ulaya Magharibi zikaenda Mashariki, zikaja Afrika Kaskazini, maana mbao na tepu unapakia kwenye kontena unaondoka. Vita ya Ukraine ilipoanza 2022 viwanda vya nyaya kule vikasimama, Volkswagen na BMW wakakwama, oda zikatafutiwa nchi nyingine fasta. Ilikuwa neema kwa Morocco, ila mi ningekuwa nafanya kazi pale ningejiuliza zamu yetu lini, hasa sasa hivi magari ya umeme mapya yanabuniwa yatumie waya kidogo.

Wanaotetea wanasema nyaya ndo zilifungua mlango, Renault wakaanza mji wa Tangier 2012, Peugeot mji wa Kenitra 2019, vyuo vya ufundi wa magari vikajengwa, na leo serikali inadai zaidi ya asilimia 60 ya gari inatoka ndani. Hoja nzuri, japo humo wamehesabiwa Wajapani na Wamarekani wenye viwanda vyao palepale, kwahiyo hiyo "ndani" mi naipunguza kidogo.

Bado ningezichukua. Lakini kwa Kenya mnaoulizia, anzeni na mnunuzi: Tangier kiwanda cha Renault kiko mlangoni kinasubiri spea, sisi tunashusha Mombasa magari yaliyotumika Japani miaka saba, nani atusukie nyaya mpya za nini?