Mmefika mfinyanzi? Msiutupe

Arusha tuna wafadhili wengi wa maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, ambao fedha na ujuzi wao umetoka kwenye tanzanite ya Mererani. Kule kazi ni kufuata mwamba chini kwa chini, na kila anayepiga simu huuliza swali moja: mmefika futi ngapi? Swali hilo likihamia Chunya, kwenye dhahabu ya mtoni, linaharibu kazi. Vijana wakikuta udongo mfinyanzi wanauona kero, wanaurundika pembeni, wanaendelea kushuka. Naamini hapo ndipo dhahabu nyingi inapoachwa.

Dhahabu ni nzito karibu mara 19 kuliko maji ya ujazo uleule, ilhali mchanga wa kawaida haufiki hata mara 3. Mafuriko yakitikisa changarawe, chembe za dhahabu hujipenyeza kati ya mawe hadi zigote kitu kisichopitika. Mara nyingi ni mwamba, lakini tabaka la mfinyanzi ulioshikamana huzizuia vilevile. Kwa hiyo pakagueni pale changarawe inapoukalia mfinyanzi. Kwangueni sentimita chache za mwisho za changarawe pamoja na ngozi ya juu ya mfinyanzi, maana chembe nyingine hudidimia humo. Mchanga huo uoshwe kwenye karai lake, usichanganywe na wa juu.

Mfinyanzi peke yake si dalili ya dhahabu. Hutuama pale maji yalipopunguza kasi, na chembe nzito huwa zimeshaangukia njiani. Huku kwetu, mfinyanzi mwingi unaotoka kwenye visima vya miteremko ya Meru na Kilimanjaro ni majivu na mawe ya volkano yaliyooza. Asikuuzie mtu shamba kwa hilo. Tena chini ya mfinyanzi inaweza kuwepo changarawe ya mto wa zamani zaidi, yenye dhahabu yake. Hiyo haikupenya kutoka juu, ilitangulia kulala pale. Ipimwe kivyake.

Kwenye kuosha ndiko hasara ilikojificha. Donge la mfinyanzi likibiringika juu ya zulia la kuoshea, lile linalonasa dhahabu maji yakipita, huokota chembe na kutoka nazo. Lilowekeni kwenye pipa, lipondeni, korogeni mpaka lisibaki donge hata moja. Msikimbilie zebaki: chembe iliyovaa matope haishikwi nayo vizuri, na sumu inabaki mtoni na mwilini.

Ndugu mfadhili, leo ukipiga simu Chunya, uliza wamekuta tabaka gani, na karai la juu ya mfinyanzi limetoa nini.