Fensi ya randa ndogo: ile ya kusukuma kwa mkono inaonewa

Mafundi wetu wakitafuta mashine ndogo ya randa, ya inchi 6, sifa zote huenda kwenye fensi ya kigurudumu: unazungusha, meno yanakamata meno, ukuta wa kuegemezea ubao unasogea taratibu juu ya meza. Ile nyengine, unalegeza mpini, unaisukuma kwa kiganja na kukaza tena, inaitwa ya kimasikini.

Kigurudumu kina haki yake. Fensi ikisogea kirahisi fundi huihamisha, na visu haviliwi mahali pamoja tu. Aliyepitisha ubao kuukuu wa nyumba iliyobomolewa, na msumari umejificha ndani, anaijua raha ya kuhamia kipande cha kisu ambacho bado kizima. Hilo silibishi.

Lakini kigurudumu kinaipeleka fensi mbele na nyuma, basi. Digrii 90 kati ya fensi na meza zinashikwa na boliti ya kusimamishia na mpini wa kukazia, na hivyo viko kwenye mashine zote mbili. Pembe ndiyo inayotia hasara. Fensi ikilala nusu digrii, kwenye ubao wa unene wa milimita 25 ni kama robo milimita, jicho halishughuliki. Unga mbao mbili zenye kosa la upande mmoja, kiungo kimeshakuwa na digrii nzima. Sasa tengeneza meza ya mbao sita za sentimita 15: viungo vitano, digrii tano kutoka ubao wa mwanzo hadi wa mwisho, na katikati pameinuka karibu milimita 12. Milimita 12, kwa nusu digrii! Laza rula juu yake, inabembea kama ngalawa. Ndiyo maana wazee, wakiranda mbao za kuunga, ubao huu hutazamisha uso kwenye fensi na unaofuata hutazamisha mgongo, makosa yakalana yenyewe.

Tena huku kwetu kuna chumvi ya bahari. Meno hupata kutu, grisi hukamata vumbi la mbao, na kigurudumu kilichokuwa laini dukani kinaanza kukwama. Ile ya kusukuma, bapa lake na mpini unavifuta kwa kitambaa chenye mafuta, umemaliza. Zipo fensi za alumini nyembamba, zimeshikwa kati tu, ukizikandamiza ncha zinapinda. Hizo ni mbovu kweli, ila ubovu ni wa ukuta wenyewe.

Karakana moja ya Chake Chake niliona fensi ya kigurudumu ikipimwa. Plagi imechomolewa, skweya, kipimo cha digrii 90, imekaa kwenye meza ya kutokea, ile iliyo sawa na ncha za visu. Hakuna mwanga uliopenya kati ya skweya na fensi. Fundi akakaza mpini, na uzi mwembamba wa mwanga ukatokea juu, pale pale mbele yetu. Akalegeza, akaipeleka boliti robo mzunguko kwa spana namba 10, akakaza upya. Kigurudumu hakukigusa.