Avodah: Je, Kazi Ni Ibada?

Wahubiri wengi hupenda kueleza kwamba neno la Kiebrania avodah lina maana ya kazi na pia ya ibada, kisha wakahitimisha kwamba kufanya kazi ni kuabudu. Hoja hiyo ina msingi. Mzizi wa neno hilo ndio unaotumika katika Mwanzo 2:15, Adamu anapowekwa Edeni ailime bustani, na ndio unaotumika pia kwa utumishi wa Walawi, kabila la wahudumu wa ibada, katika hema takatifu ya Waisraeli, ambao kwa sehemu kubwa ulikuwa kazi ya mabega: kuibomoa hema, kuibeba na kuisimamisha tena. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunao hata ndugu wa neno hilo, kwa kuwa ibada na abudu, tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, yametoka katika mzizi uleule wa Kisemiti, ingawa kwetu yamebaki na upande wa sala, na upande wa jembe ukaachiwa maneno mengine.

Pingamizi la wanaisimu, hata hivyo, ni zito. James Barr, mtaalamu wa Biblia na lugha zake, alionya mwaka 1961 dhidi ya kulibebesha neno, popote litokeapo, jumla ya maana zake zote. Adamu alilima bustani, hakuiabudu. Ushahidi mkali zaidi uko katika Kutoka 1:13-14, ambapo mzizi huo unarudiwa mara tano katika aya mbili tu kueleza jinsi Wamisri walivyowatumikisha Waisraeli kwa udongo na matofali. Hapo hapana ibada yoyote. Anayemwambia kibarua aliyedhulumiwa ujira wake kwamba jasho lake ni ibada, kwa kuwa Kiebrania kinasema hivyo, amezipita aya hizo bila kuzisoma, na kwa maoni yangu anamwongezea kibarua huyo dhuluma ya pili.

Pamoja na hayo, siwezi kukubali kwamba kukutana kwa maana hizo mbili ni bahati tu ya lugha, maana kitabu cha Kutoka chenyewe kinazikutanisha. Katika 5:18 Farao anawafukuza wanyapara wa Kiisraeli kwa maneno mawili, lekhu ivdu, yaani nendeni mkafanye kazi. Katika 10:8, mapigo saba yakiwa yameshapita, anawaambia Musa na Haruni maneno yaleyale, lekhu ivdu, ila sasa anamtaja Bwana, Mungu wao. Tafsiri zetu hulazimika kusema kufanya kazi kule na kumtumikia Mungu huku, na msomaji hawezi kutambua kwamba ni amri ileile iliyobadilishiwa bwana.

Kwa hiyo avodah humuuliza mtu anamtumikia nani, na jibu lake lina nguvu ya sheria. Kitabu cha Mambo ya Walawi 25:42-43 kinasema kwamba Waisraeli ni watumwa wa Mungu aliyewatoa Misri, na kwa sababu hiyohiyo wasiuzwe kama watumwa, wala yeyote asiwatawale kwa perekh, neno lilelile lililotumika kwa ukali wa Wamisri.